Kusimama, Kukaa na Kupiga Goti: Wimbo wa Taifa na Wanamichezo Weusi wa Marekani

Katika mambo yaliyozusha maneno mengi katika ulimwengu wa michezo, moja ni hili la wanamichezo weusi wa Marekani kukataa kusimama wima wakati wimbo wa taifa lao unapopigwa. Wako wasemao kwamba huo ni utovu wa adabu, na wako wasemao kwamba ni ushujaa. Huku kwetu pia maneno hayo yamefika, na barazani hakukosi mtu wa kuuliza: “Kwani kusimama dakika mbili kwamgharimu nini?” Swali hilo si la kudharauliwa. Lakini lina mwenzake, nalo ni hili: mtu aliyekuwa akilipwa mamilioni na kushangiliwa na maelfu, alikubalije kuyapoteza yote kwa ajili ya dakika mbili hizo hizo? Mwenye akili hatupi tonge iliyomo mkononi bila ya sababu.

Wala jambo hili halijapitwa na wakati. Michezo ya Olimpiki ya 2028 imepangwa kufanyika Los Angeles, Marekani kwenyewe. Mwaka 2021 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliilegeza kidogo sheria yake ya 50, ikamruhusu mwanamichezo kuonyesha rai yake uwanjani kabla ya mashindano kuanza. Ama juu ya jukwaa la washindi, bendera zinapopandishwa na nyimbo zinapopigwa, haikumruhusu. Basi yafaa tuyatazame mambo tangu mwanzo wake, ili tukihukumu, tuhukumu kwa kujua.

WIMBO WENYEWE

Wimbo wa taifa la Marekani ulitungwa mwaka 1814 na mwanasheria aitwaye Francis Scott Key, baada ya kuiona ngome ya McHenry katika mji wa Baltimore ikipigwa mizinga usiku kucha na meli za Waingereza, na asubuhi bendera ya nchi yake ingali ikipepea. Ni shairi la vita. Key mwenyewe alikuwa akimiliki watumwa. Katika vita hivyo watumwa wengi waliwakimbilia Waingereza, ambao waliwaahidi uhuru, na ubeti wa tatu wa shairi hilo wawataja watumwa, lakini si kwa kuwahurumia. Ubeti huo hauimbwi viwanjani, lakini umeandikwa, na Mmarekani mweusi aliyesoma aujua. Utumwa ulikuja kukomeshwa nchini humo mwaka 1865, yaani miaka 51 baada ya wimbo kutungwa, na wimbo wenyewe ukawa wa taifa kwa sheria mwaka 1931.

Desturi ya kuuimba michezoni nayo si ya kale kama wengi wadhanivyo. Ilipata nguvu mwaka 1918, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, katika mashindano makubwa ya besiboli mjini Chicago, kisha ikaenea wakati wa Vita vya Pili. Katika mpira wa Kimarekani, wachezaji wa michezo mikubwa ya usiku inayoonyeshwa katika televisheni walikuwa wakibaki vyumbani mwao wakati wa wimbo mpaka mwaka 2009. Na mwaka 2015 maseneta wawili, John McCain na Jeff Flake, walitoa ripoti ikionyesha kwamba wizara ya ulinzi ilikuwa imelipa timu za michezo mamilioni ya dola, na katika vilivyonunuliwa ni hafla za kuonyesha mapenzi ya nchi uwanjani. Nayataja haya kwa sababu wale wanaosema, “Tusichanganye siasa na michezo,” hujisahau kwamba siasa ilikuwa imekwisha kuingia uwanjani kabla ya mchezaji kupiga goti, tena iliingia kwa tikiti ya kulipiwa.

Wimbo wetu sisi Wakenya una nasaba nyengine. Sauti yake yatoka hapa hapa Pwani, katika wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Mto Tana, na mwenye kuujua na kuutoa alikuwa Mzee Meza Moroa Galana. Mwaka 1963 jopo la watu watano, miongoni mwao mwenzetu wa Pwani Thomas Kalume, liliutengeneza na kuutia maneno. Maneno hayo ni dua, na haki yatajwa humo mapema, katika ubeti wa kwanza. Asimamaye kwa wimbo kama huo asimamia ombi. Na ombi hilo humkumbusha kila mtu, mtawala na mtawaliwa, kwamba kiombwacho bado hakijatimia.

MAHMOUD ABDUL-RAUF

Wengi hudhani kwamba mambo haya yalianza na Colin Kaepernick mwaka 2016. Kumbe miaka 20 kabla yake alikuwako kijana Mwislamu aliyeyapita yayo hayo, na kwa kuwa ni ndugu yetu katika dini, naona tuanze naye.

Alizaliwa mwaka 1969 katika mji wa Gulfport, jimbo la Mississippi, akiitwa Chris Jackson. Alikuwa na maradhi ya neva yaitwayo Tourette, ambayo humfanya mtu atikisike viungo na kutoa sauti bila ya kupenda. Juu ya hayo akawa stadi wa mpira wa kikapu, na mwaka 1990 timu ya Denver Nuggets ilimchagua, akiwa wa tatu katika wachezaji wapya wote wa nchi mwaka huo. Mwaka 1991 alisilimu, na mwaka 1993 akabadili jina, akawa Mahmoud Abdul-Rauf. Rauf, kama msomaji ajuavyo, ni katika majina 99 ya Mwenyezi Mungu, na mja huyo alikuwa kweli mtu mpole, asiyepayuka. Ustadi wake wapimwa kwa hesabu moja tu: katika msimu wa 1993 hadi 1994 alipewa mipira ya adhabu 229, akafunga 219.

Msimu wa 1995 hadi 1996 ulipoanza, Abdul-Rauf aliacha kusimama kwa wimbo wa taifa. Hakuita waandishi, hakuinua bango. Mara nyengine alibaki katika chumba cha kubadilishia nguo, mara nyengine alikaa au akajinyosha viungo. Miezi ikapita bila mtu kumuuliza. Mwezi wa Machi 1996 habari zikatoka, na alipoulizwa, alijibu kwamba bendera ile kwa watu wengi ni alama ya uonevu na udhalimu, na kwamba yeye kama Mwislamu hawezi kuwa upande wa Mungu na upande wa udhalimu kwa pamoja. Tarehe 12 Machi ligi ya NBA ilimsimamisha kucheza, na mchezo mmoja aliokosa ulimpotezea dola 31,707.

Hapo ndipo maneno yalipotoka pande zote, hata kwa Waislamu wenzake. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria na mchezaji mkubwa wa wakati huo, alisema kwamba Mwislamu apaswa kuheshimu sheria za nchi anayokaa. Mwisho wakapatana: Abdul-Rauf atasimama pamoja na wenzake, lakini atainamisha kichwa na kuomba dua yake kimya. Tarehe 15 Machi, mjini Chicago, akasimama akiwa ameinua viganja usoni, kama tusimamavyo sisi tukiomba, na watu wakamzomea. Si hilo tu. Mjini Denver wafanyakazi wa kituo kimoja cha redio waliingia msikitini wakiupiga wimbo huo kwa tarumbeta, na jambo hilo likafika mikononi mwa serikali. Msomaji aamue mwenyewe ni nani aliyevunja heshima: yule aliyeomba dua uwanjani au wale waliopiga tarumbeta katika nyumba ya Mungu.

Msimu ulipokwisha, timu yake ilimuuza Sacramento, ingawa ndiye aliyekuwa mfungaji wake mkubwa. Huko alichezeshwa kidogo kidogo. Mwaka 1998 mkataba ulikwisha, naye ana umri wa miaka 29, na hakuna timu iliyomtaka. Akaenda kucheza Uturuki. Alirudi katika ligi kwa msimu mmoja na timu ya Vancouver, na mwaka 2001 nyumba yake huko Mississippi ikateketea kwa moto. Hata hivyo hakurudi nyuma katika neno lake. Mpaka katika filamu ya maisha yake iliyotoka mwaka 2023, msimamo ni ule ule.

HUKUMU YA KUSIMAMA

Sasa tuje kwenye swali la watu wa barazani: je, kusimama huko ni haramu, au kukaa ndiko utovu wa adabu? Mimi si mufti, na fat-wa nawaachia wenyewe. Lakini sisi watu wa Pwani kusimama na kukaa twakujua vizuri, kwa sababu hapana jambo lililojadiliwa na masheikh wetu kama kisimamo cha maulidi. Wako wasimamao inapofika pale, na wako wakaao, na kila upande una hoja zake. Miaka mingi ya mabishano hayo imetufunza jambo moja: kiwiliwili peke yake hakisemi kitu mpaka uijue nia ya mwenyewe. Mtu aweza kusimama na moyo wake umelala, na aweza kukaa na moyo wake umesimama.

Katika habari za Mtume, rehema na amani zimshukie, ziko mbili zifaazo hapa. Ya kwanza ni kwamba masahaba hawakuwa wakimsimamia aingiapo, ijapokuwa hapana waliyempenda kuliko yeye, kwa sababu walijua kwamba hapendi kusimamiwa. Ya pili ni kwamba siku moja lilipita jeneza, naye akasimama. Akaambiwa kuwa maiti yule ni Myahudi. Jibu lake likawa ni kuuliza: kwani hiyo si nafsi? Zitie pamoja habari hizi mbili, msomaji, uone zaelekea wapi. Mkubwa kuliko wote hakutaka kusimamiwa yeye, lakini alisimama kwa ajili ya nafsi ya mtu asiyekuwa wa dini yake, asiyekuwa na cheo, tena amekwisha kufa. Kumbe kusimama asili yake ni kuipa nafsi ya mwanadamu thamani yake. Pasipo na thamani ya nafsi, kusimama kwabaki kuwa mazoezi ya miguu.

Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, waumini waamrishwa wawe imara katika uadilifu, hata kama ni juu ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Aliyesoma chuoni ajua kwamba neno lililotumika hapo kwa Kiarabu latokana na kusimama. Kusimama tulikoamrishwa ni huko, na huko hakuna mtu aliyeruhusiwa kukaa.

MEXICO NA MUNICH

Kabla ya Abdul-Rauf walitangulia wengine. Tarehe 16 Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico, Tommie Smith alishinda mbio za mita 200 kwa sekunde 19.83, ambayo ilikuwa rekodi ya dunia, na mwenzake John Carlos akawa wa tatu. Wakapanda jukwaani bila viatu, na soksi nyeusi miguuni, kuashiria ufukara wa watu wao. Wimbo ulipoanza, wakainamisha vichwa na kuinua ngumi zilizovikwa glavu nyeusi. Mwaka huo ndio aliouawa Martin Luther King. Aliyekuwa wa pili, Mzungu wa Australia aitwaye Peter Norman, alivaa beji ya chama chao cha haki za binadamu kuonyesha kwamba yu pamoja nao. Wamarekani hao wawili walifukuzwa katika timu kwa shinikizo la Kamati ya Olimpiki, iliyokuwa ikiongozwa na Avery Brundage, yule yule aliyepigania nchi yake isisusie Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 chini ya Hitler.

Wakenya walikuwako. Katika michezo hiyo hiyo Naftali Temu, Amos Biwott na Kipchoge Keino waliiletea Kenya nishani za dhahabu, na wimbo wetu, uliokuwa na umri wa miaka mitano tu, ukapigwa. Wale walisimama kwa furaha, kwa kuwa bendera yao ilikuwa mpya na matumaini yao mapya. Smith na Carlos bendera yao ilikuwa kongwe, na ahadi zake kongwe vile vile. Hawa walisimama na wale waliinama, na sote twaelewa sababu ya pande zote mbili.

Miaka minne baadaye, Munich, mambo yalitugusa karibu zaidi. Katika mita 400 Vincent Matthews alikuwa wa kwanza, Wayne Collett wa pili, wote Wamarekani weusi, na wa tatu alikuwa Mkenya, Julius Sang. Wimbo wa Marekani ulipopigwa, Matthews na Collett walisimama kiholela jukwaani, wakizungumza, mikono kiunoni, bila kuitazama bendera. Sang alikuwa papo hapo kando yao. Kamati ya Olimpiki iliwafungia wawili hao maisha. Kwa kuwa mwenzao mwengine alikuwa ameumia, Marekani haikuweza kuweka timu katika mbio za kupokezana vijiti mara nne mita 400, na dhahabu ikachukuliwa na Kenya: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na huyo huyo Julius Sang. Ushindi ule ni halali, na vijana wetu walikimbia vizuri mno. Lakini tunapousimulia, haki yataka tukumbuke pia ni kwa nini watu wale wawili hawakuwako uwanjani.

Tena serikali zetu wenyewe zilifanya jambo la namna hiyo. Mwaka 1976 Kenya, Tanzania na nchi nyengine nyingi za Afrika ziliisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, iliyopeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu, ilikubaliwa kushiriki. Na mwaka 1980 Marekani, hiyo hiyo yenye watu wanaohubiri kwamba michezo isitiwe siasa, ilimtuma Muhammad Ali Afrika kuziomba nchi zetu zisusie Olimpiki ya Moscow. Tanzania Mwalimu Nyerere hakumpokea, Kenya ilisusia. Mkimbiaji wetu Mike Boit, aliyekuwa katika kilele chake, alikosa Olimpiki zote mbili. Basi serikali ikigoma, huitwa msimamo. Raia mmoja akigoma, huitwa ufidhuli. Kipimo kimoja chapima vitu viwili kwa mizani mbili, na sisi tumekatazwa kupunja mizani.

KAEPERNICK NA GOTI LAKE

Mwezi wa Julai 2016, katika siku mbili zilizofuatana, polisi waliwaua watu weusi wawili, Alton Sterling katika jimbo la Louisiana na Philando Castile katika jimbo la Minnesota, na picha za mauaji hayo zikaonwa na dunia nzima. Mwezi uliofuata Colin Kaepernick, mchezaji wa San Francisco 49ers aliyeifikisha timu yake katika fainali kuu ya 2013, alikaa kitako wakati wa wimbo. Alipoulizwa, alieleza kwamba hatasimama kuonyesha fahari kwa bendera ya nchi inayowaonea watu weusi.

Kilichofuata wengi hawakijui. Aliyekuwa askari wa jeshi maalumu, Nate Boyer, aliudhika na kukaa kule, lakini badala ya kumtukana alimwandikia barua ya wazi, kisha wakakutana wakazungumza. Boyer akamshauri kwamba kuliko kukaa, ni bora kupiga goti, kama askari wanavyopiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Kaepernick alikubali, na tarehe 1 Septemba 2016, mjini San Diego, alipiga goti pamoja na mwenzake Eric Reid. Kwa hivyo goti lile lililoitwa matusi kwa wanajeshi lilitokana na shauri la mwanajeshi. Watu wawili wasiokubaliana walikaa chini, wakasikilizana, wakatoka na njia ya tatu. Laiti nchi nzima ingalifanya kama wao.

Haikufanya. Msimu ulipokwisha, Kaepernick alibaki bila timu, na misimu iliyofuata ilipita bila hata moja kumsajili. Mwezi wa Septemba 2017 Rais Donald Trump, akihutubia katika jimbo la Alabama, aliwatukana wachezaji wapigao goti na kuwataka wenye timu wawafukuze. Jumapili iliyofuata wachezaji zaidi ya 200 walipiga goti au kukaa. Mwaka 2018 ligi ilitoa amri kwamba aliye uwanjani asimame, asiyetaka abaki chumbani. Mwaka 2019 Kaepernick na ligi wakapatana kwa fedha, na kiasi chake kikawa siri.

Kisha ikaja tarehe 25 Mei 2020. Mjini Minneapolis polisi Derek Chauvin alimwekea George Floyd goti shingoni kwa zaidi ya dakika tisa, mpaka akafa. Goti lililokataliwa uwanjani likarudi barabarani kwa sura ya kutisha, na watu waliokuwa wakilumbana juu ya adabu wakaona kile alichokuwa akikisema yule mchezaji. Siku chache baadaye mkuu wa ligi, Roger Goodell, alitamka kwamba walikosea kutowasikiliza wachezaji mapema. Wachezaji wa Uingereza nao wakapiga goti kabla ya mechi zao, na mwezi wa Disemba mwaka huo kamati ya Olimpiki ya Marekani ikasema kwamba haitawaadhibu tena wanamichezo wake kwa kupiga goti au kuinua ngumi. Mrushaji nyundo Gwen Berry, aliyekuwa amepewa onyo la miezi 12 kwa kuinua ngumi katika michezo ya Lima mwaka 2019, aliombwa radhi.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Si insafu kuwafanya wote wanaopinga kuwa ni wabaguzi. Wako wazazi waliopokea majeneza ya watoto wao yamefunikwa bendera ile, na miongoni mwao weusi ni wengi. Kwao bendera si serikali wala polisi. Ni sanda ya mtoto. Mtu kama huyo akiona mwengine amekaa, huumia kweli, na uchungu wake haupaswi kuchekwa. Wako pia wasemao kwamba taifa lenye makabila na rangi nyingi lahitaji angalau jambo moja ambalo wote hulisimamia, na kwamba likivunjwa hilo hakutabaki kitu. Hata sisi Wakenya, tulio wengi na mbalimbali, twaijua nguvu ya hoja hiyo.

Lakini hoja hiyo hufaa pale tu ambapo wimbo huunganisha watu waliokwisha kuhesabiwa kuwa sawa. Hauwezi kutumiwa badala ya usawa wenyewe. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1943 kwamba mtoto wa shule hawezi kulazimishwa kuisalimu bendera, na vita vikali vilikuwa vikiendelea wakati huo. Majaji waliona kwamba mapenzi ya nchi yatolewayo kwa kulazimishwa si mapenzi. Heshima ya kulazimishwa ni kama sala ya mtu aogopaye bakora ya mwalimu: mwalimu akiondoka, sala imekwisha.

Na sisi tusijifanye twasoma habari za mbali. Kwa miaka mingi vijana wa Kiislamu wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki walipokwenda kutafuta kitambulisho waliulizwa hati za baba na babu zao, na hali wenzao wa sehemu nyengine hawakuulizwa hivyo. Kijana huyo huyo shuleni alikuwa ameuimba wimbo wa taifa kila wiki, kwa sauti kubwa, amesimama wima. Yeye alikuwa amekwisha kuisimamia nchi. Nchi ndiyo iliyokuwa bado kumsimamia. Simwambii akae. Nasema tu kwamba mtu kama huyo akimsikia Kaepernick au Abdul-Rauf, hahitaji mkalimani.

YALIYOBAKI

Tukiyakusanya haya yote twaona mambo matatu. Kwanza, hapana hata mmoja kati ya watu hawa aliyempiga mtu, kuvunja kitu au kuzuia mchezo. Mafundisho yetu yataja daraja tatu za kuuondoa uovu: kwa mkono, kwa ulimi, na aliye dhaifu kabisa, kwa moyo. Wao walichagua kitu kilicho baina ya ulimi na moyo, yaani kiwiliwili chao kilichonyamaza. Jawabu walilopewa lilikuwa kubwa kuliko kosa waliloshtakiwa, na huwa hivyo palipoguswa ukweli.

Pili, dunia huwaheshimu watu hawa, lakini huwaheshimu baadaye, wakati ambapo heshima hiyo haina gharama tena. Smith na Carlos waliingizwa katika orodha ya heshima ya Olimpiki ya Marekani mwaka 2019, baada ya miaka 51. Peter Norman aliombwa radhi na bunge la Australia mwaka 2012, naye alikuwa amefariki tangu 2006, na waliolibeba jeneza lake walikuwa Smith na Carlos. Muhammad Ali alinyang'anywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa vita vya Vietnam, Mahakama Kuu ikamtakasa mwaka 1971, na mwaka 1996 alipewa heshima ya kuwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta. Huo huo ndio mwaka ambao Abdul-Rauf alizomewa Chicago. Nchi moja, mwaka mmoja: Mwislamu mzee asiyeweza kusema tena vizuri akashangiliwa, na Mwislamu kijana anayesema akazomewa. Ni rahisi kumpenda shujaa aliyekwisha kunyamaza.

Tatu, na hili latuhusu sote, bendera haidhalilishwi na mtu aliyekaa. Yadhalilishwa na jambo lililomfanya akae. Mwenye nyumba mwema, mgeni akikataa kula, humuuliza kwanza kama chakula kina kasoro, kabla ya kumtoa mlangoni. Wamarekani walichukua muda mrefu kuuliza, na wengine wao mpaka leo hawajauliza.

Ikifika 2028, na mtu mmoja juu ya jukwaa la Los Angeles akainamisha kichwa badala ya kukiinua, kutakuwa na kelele kama zile za zamani. Tutakaokuwa tukitazama huku Pwani, kabla ya kusema kwamba hana adabu, tuulize kwanza: ni nafsi ya nani anayoisimamia?